Mwuguzi wa Kuazimwa na Jamaa Yake

Si jamaa chache katika miji yetu, Bukavu, Lubumbashi, Kisangani au Kinshasa, zilizo na mtoto aliyevuka bahari akashika kazi ya uuguzi katika Ubelgiji, Ufaransa au Uingereza. Picha yake yafika katika simu ya mama: amevaa nguo safi ya kazi, saa imening'inia kifuani, nyuma yake vitanda vyeupe vimepangwa mstari. Jirani wakiitazama husema: «Huyo amefaulu. Kwa saa moja hupata fedha ambazo sisi twazipata kwa siku nyingi.» Lakini siku anapoandika kwamba mwezi huu hana kitu cha kutuma, jamaa hukunja uso. Wengine hunong'ona kwamba Ulaya imembadilisha moyo.

Kabla ya kumhukumu mtoto, yafaa kwanza kujua kazi anayoifanya. Maana wauguzi wengi wa nchi hizo hawana hospitali moja wanayoweza kuiita yao. Wameandikwa katika ofisi ya wakala, na wakala huwaazima kwa hospitali hii leo, na kwa nyumba ya wazee ile kesho. Hao ndio tunaowaita hapa wauguzi wa kuazimwa. Kazi yao ni halali, tena ina heshima. Lakini ina mzigo ambao hauonekani katika picha.

Watu watatu katika kazi moja

Mwuguzi wa kawaida ana mwajiri mmoja, yaani hospitali. Hospitali humpa mkataba, humpangia zamu, humlipa mwisho wa mwezi, na akiugua yajua jina lake na kitanda chake. Mwuguzi wa kuazimwa yumo katika pembe tatu. Pembe ya kwanza ni yeye mwenyewe. Ya pili ni ofisi ya wakala, iliyokagua diploma yake, cheti chake cha usajili na chanjo zake. Ya tatu ni hospitali iliyopungukiwa na watu.

Mambo huenda hivi. Alfajiri msimamizi wa wodi aona kwamba wauguzi wawili ni wagonjwa na hawatakuja. Aipigia simu ofisi ya wakala. Ofisi yatuma ujumbe kwa wauguzi walioandikwa kwake, na anayejibu upesi ndiye apatae zamu. Hospitali humlipa wakala, wakala huondoa sehemu yake, kisha humlipa mwuguzi. Basi maagizo ya kazi yatoka kwa mmoja, na fedha zatoka kwa mwingine. Jambo likiharibika, kila mmoja aweza kunyosha kidole kwa mwenzake, na mwuguzi akabaki katikati.

Katika Uingereza mara nyingi huongezwa mtu wa nne, yaani kampuni wanayoiita «mwavuli». Wakala hulipa mwavuli, na mwavuli ndio unaomlipa mwuguzi. Lakini katika kiasi kilichotajwa mwanzoni mwavuli huondoa kwanza ada yake mwenyewe na michango ambayo sheria yamdai mwajiri. Ndipo huja kodi na michango ya mfanyakazi. Kwa hiyo bei ya saa iliyoandikwa katika tangazo si fedha zitakazoingia mfukoni. Asiyesoma hati yake ya mshahara mstari kwa mstari hushangaa mwisho wa juma.

Si jambo la jana

Mtu asidhani kwamba desturi hii imezaliwa na simu za leo. Katika London, mwaka 1891, wauguzi waliokuwa wakitunza wagonjwa majumbani waliunda chama chao cha ushirika. Chama kiliwapeleka kwa wagonjwa, kikakata sehemu ndogo ya malipo kwa ajili ya ofisi, na kilichobaki kilikuwa chao. Walifanya hivyo kwa sababu wenye ofisi wengine walikuwa wakila sehemu kubwa mno ya jasho la wanawake hao.

Baadaye serikali ya Uingereza iliona kwamba haifai kumwachia kila mtu kufanya biashara ya kuazima wauguzi. Sheria ya mwaka 1943, na nyingine ya mwaka 1957, zilitaka kila wakala awe na leseni, na anayechagua mwuguzi wa kumpeleka kwa mgonjwa awe mwuguzi aliyesajiliwa au daktari, au afanye hivyo chini ya usimamizi wao. Ilionekana wazi kwamba kumpeleka mtu kando ya kitanda cha mgonjwa si sawa na kupeleka gunia la unga.

Siku hizi kila nchi ina kanuni zake. Katika Ubelgiji, sheria ya tarehe 24 Julai 1987 yataka mfanyakazi wa kuazimwa asilipwe chini ya kile ambacho angelipwa kama angeajiriwa moja kwa moja mahali pale pale. Katika Uingereza, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011 zampa haki ya mshahara wa msingi ulio sawa baada ya majuma 12 ya kazi ile ile mahali pamoja. Katika Ufaransa, tangu mwezi wa Julai 2024, mwuguzi hawezi kuazimwa kwa hospitali kama hajafanya kwanza kazi kwa muda wa miaka 2 nje ya njia hiyo. Wafaransa waliona vijana wakitoka shuleni na kuingia moja kwa moja katika zamu za kuazimwa, bila kupata mkubwa wa kuwaongoza.

Serikali nazo zina neno lao la kulalamika, maana gharama ni kubwa. Katika Uingereza, mwishoni mwa mwaka 2024, serikali ilisema kwamba hospitali za umma zilikuwa zikitoa kiasi cha paundi bilioni 3 kwa mwaka kwa ajili ya wafanyakazi wa wakala wa kila aina. Tangu mwaka 2015 zilikuwa zimewekwa bei za mwisho zisizopaswa kupitwa. Hivyo mwuguzi anayetegemea njia hiyo ajue kwamba mto anaochota maji waweza kupunguzwa wakati wo wote kwa amri ya serikali.

Faida zake

Tusiseme mabaya tu. Mama mwenye watoto wadogo aweza kuchagua siku zake: Jumatatu na Alhamisi afanya kazi, siku nyingine yupo nyumbani. Anayesoma ili aongeze diploma aweza kufanya zamu za mwisho wa juma. Aliyechoshwa na magomvi ya mahali pamoja apumua. Tena mwuguzi anayezunguka huona njia nyingi za kazi: hapa ajifunza kutunza kidonda, kule ajifunza kumsaidia mzee aliyepoteza kumbukumbu. Na wagonjwa nao wafaidika. Wodi ambayo ingebaki na mwuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi yapata wa pili. Pengine mtu aliye hai leo yu hai kwa sababu mgeni yule alikubali kuamka usiku.

Hesabu ambayo jamaa haioni

Tuchukue mfano, nasi twatumia tarakimu nyepesi ili kila mtu aelewe. Tuseme mwuguzi hulipwa paundi 25 kwa saa, na zamu yake ni saa 12. Zamu moja yampa paundi 300. Juma hili apata zamu 4, yaani paundi 1,200. Jamaa ikisikia hesabu hii yazidisha kwa majuma 4 na kusema: «Huyu ni tajiri.» Lakini juma la pili hospitali haikuita ila mara moja: paundi 300. Juma la tatu zamu 2 zilifutwa saa chache kabla ya kuanza, ikabaki moja tu: tena paundi 300. Juma la nne mtoto wake aliugua, akakaa naye nyumbani: hakuna kitu. Jumla ya mwezi ni paundi 1,800, siyo 4,800. Na bado kodi haijatolewa, wala michango, wala nauli, wala kodi ya nyumba, ambayo haijali kama zamu zilikuwa nyingi au chache.

Mwuguzi wa hospitali akiugua, mwajiri wake huendelea kumtunza kwa kiasi fulani. Akienda likizo, mshahara wamfuata. Akitakiwa kujifunza dawa mpya, hospitali yampeleka katika masomo. Mwuguzi wa kuazimwa ana baadhi ya haki hizo kwa sheria, lakini mengi yamwangukia yeye mwenyewe. Katika Uingereza kila mwuguzi hana budi kuthibitisha usajili wake kila miaka 3: saa 450 za kazi, saa 35 za masomo, maoni 5 ya watu kuhusu kazi yake, na maandishi 5 ya kuitafakari kazi hiyo. Anayezunguka wodi hamsini katika miaka hiyo hana msimamizi anayemkumbusha. Yampasa ajiwekee daftari na kuandika kila zamu, kila somo, kila saa.

Ndiyo sababu twasema: ile ziada inayoonekana katika bei ya saa si zawadi. Ni malipo ya mzigo ambao hospitali ingeubeba, na ambao sasa amebeba yeye. Anayeila yote katika juma nono atalia katika juma konda. Mwenye busara hugawa: sehemu ya kodi na nyumba, sehemu ya akiba ya siku za ugonjwa, sehemu ya masomo. Baada ya hayo ndipo anapoweza kujua alicho nacho cha kutuma nyumbani.

Usiku katika wodi asiyoijua

Kuna mzigo mwingine, nao ni mzito kuliko fedha. Mwuguzi wa kuazimwa aingia katika wodi ambayo hajawahi kuiona. Hajui kabati la dawa liko wapi, wala gari la vifaa vya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Huenda hana neno la siri la kufungulia kompyuta yenye habari za wagonjwa. Huenda haruhusiwi kutia dawa katika mshipa mpaka hospitali hiyo imthibitishe. Wenyeji wa wodi wamechoka, na pengine wamesikia kwamba yeye apata zaidi kwa saa, basi wampa wagonjwa walio wagumu kuliko wote. Hakuna amwitaye kwa jina lake. Wamwita «yule wa wakala».

Mwuguzi mwenye dhamiri haoni haya kuuliza. Kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza auliza: Vifaa vya hatari viko wapi? Namba gani yapigwa mtu akizimia? Nani mkubwa wa zamu hii? Nani kati ya wagonjwa hawa aweza kubadilika vibaya usiku huu? Dawa gani sina ruhusa ya kuzitoa? Maswali hayo matano huchukua dakika chache. Anayeyaacha kwa sababu ya kiburi aweza kumgharimu mtu uhai wake. Na akipewa kazi ambayo hakufundishwa, yampasa kusema wazi: «Hii sijaifundishwa.» Neno hilo si aibu. Aibu ni kujifanya unajua.

Kisha kuna uchovu. Sheria za Ulaya, na za Uingereza pia, zataka mfanyakazi apate saa 11 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Lakini mwuguzi aliyeandikwa kwa wakala wawili au watatu aweza kutoka zamu ya usiku hapa na kuingia zamu ya mchana kule, wala hakuna ofisi moja inayohesabu saa zake zote. Anayezihesabu ni yeye na Mungu. Na kwa nini mtu ajitese hivyo? Mara nyingi ni kwa sababu simu imelia kutoka nyumbani: ada ya shule ya mdogo, mabati ya nyumba ya mjomba, sherehe ya arusi. Hivyo ombi lililotoka Bukavu laweza kufika, kwa njia ya mkono unaotetemeka kwa usingizi, mpaka katika kipimo cha dawa ya mzee aliyelala Liège au Manchester. Jamaa haikukusudia ubaya. Lakini ni vizuri ijue.

Mtu wa mshahara na mchungaji

Bwana wetu alitofautisha katika Injili mchungaji na mtu wa mshahara, ambaye akiona mbwa mwitu hukimbia, maana kondoo si wake. Wengine wadhani neno hilo lampiga mwuguzi wa kuazimwa: amekuja kwa fedha, kesho hayupo, mgonjwa si wake. Tulifikirie neno hilo vizuri.

Mtakatifu Kamilo wa Lellis, aliyezaliwa katika Italia mwaka 1550, alikuwa askari na mcheza kamari. Kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona alifika Roma, katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo, akatibiwa huko na kufanya kazi huko kwa mshahara. Mara ya kwanza alifukuzwa kwa ajili ya magomvi na kamari. Baada ya kuongoka alirudi, akawa msimamizi. Hapo aliona kwa macho yake jinsi watumishi wa mshahara walivyowaacha wagonjwa katika uchafu na kiu. Mwaka 1582 alipata wazo la kukusanya watu watakaowahudumia wagonjwa kwa upendo, kama mama amtunzavyo mtoto wake wa pekee. Alikufa mwaka 1614. Papa Leo XIII alimtangaza msimamizi wa wagonjwa na hospitali mwaka 1886, na Papa Pio XI alimtangaza msimamizi wa wauguzi mwaka 1930.

Basi ubaya wa watumishi wale haukuwa kupokea mshahara. Papa huyo huyo Leo XIII, katika barua yake kuu Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni deni, na kumnyima mfanyakazi ni dhambi. Ubaya wao ulikuwa kumwona mgonjwa kama kitu cha kupitishia saa. Mwenye mkataba wa miaka thelathini aweza kuwa mtu wa mshahara. Na mwenye mkataba wa usiku mmoja aweza kuwa mchungaji kweli, kama kwa usiku huo mmoja alimgeuza mzee asipate vidonda, alimsikiliza mjane aliyeogopa giza, na asubuhi akamweleza mwenzake yote bila kuficha.

Tahadhari kwa wazazi na kwa vijana

Vijana wetu wengi wasoma katika shule za uuguzi za ngazi ya A2 na A1, na baadhi yao waota Ulaya. Kwao tuna maneno matatu.

La kwanza: diploma ya hapa haimfungulii mtu mlango wa kazi kule moja kwa moja. Yapasa itambuliwe na serikali ya huko, na katika Uingereza kuna mitihani ya lugha, ya kompyuta na ya vitendo. Tena mgeni anayeingia Uingereza kwa viza ya kazi ya afya amefungwa kwa mwajiri aliyemwita. Hawezi kumwacha na kuzunguka apendavyo kwa njia ya wakala.

La pili: mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ili nchi tajiri zisizinyang'anye nchi maskini waganga na wauguzi wake. Katika orodha iliyotolewa mwaka 2023 na Shirika la Afya Duniani zimo nchi 55 zenye upungufu mkubwa, nayo Kongo yetu imo, pamoja na Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania. Uingereza imeichukua orodha hiyo katika kanuni zake: wakala hapaswi kwenda katika nchi hizo kutafuta wauguzi. Mtu akiomba kazi mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, hakatazwi. Kwa hiyo anayekuja Goma au Lubumbashi akisema ametumwa kukusanya wauguzi kwa ajili ya Uingereza, aulizwe maswali mengi kabla ya kupewa hata nakala ya diploma.

La tatu: usilipe ili upewe kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, waweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa kwa mambo machache yaliyoruhusiwa na serikali. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1973 yakataza kumtoza mtu kwa ajili ya kumtafutia kazi. Wakala wa kweli hulipwa na hospitali. Anayedai mbuzi wa baba yako, au shamba la mama yako, ili «akuandike jina», huyo ni mwizi aliyevaa tai.

Neno kwa jamaa ya nyumbani

Nanyi wazazi, wajomba, shangazi na ndugu, msimkatie mtoto tumaini, wala msimhesabie saa zake. Akipiga simu, msianze na mabati. Mwulizeni kwanza: «Je, umelala? Umekula? Usiku ulikuwaje?» Patana naye kiasi ambacho aweza kukituma katika mwezi mkonda, siyo katika mwezi mnono, kikizidi, mshukuruni Mungu, kisipozidi, msinung'unike. Naye mtoto, kwa upande wake, awaambie wazi wazee wake jinsi anavyolipwa, asijionyeshe tajiri katika picha ili kupata sifa. Siri ya namna hiyo ndiyo inayozaa manung'uniko pande zote mbili.

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Kidogo kilichotumwa na mwuguzi aliyelala vizuri na aliyewatunza vema wagonjwa wake chafaa kuliko kingi kilichotoka katika mikono iliyochoka mpaka kukosea. Nyumba itajengwa polepole, na mgonjwa wa watu atarudi kwao akiwa mzima.